Jinsi ya kukagua data za vituo vya maji vijijini kabla ya kupanga bajeti

Kila mwaka wilaya zikianza kupanga bajeti kuna mtu anapewa kazi ya kusema kijiji gani kipate kisima na kipi kisubiri, na huyo mtu anafungua Eksel, anaona "vituo 14, vinavyofanya kazi 14", anakiruka kijiji hicho anaenda kinachofuata. Mimi nimewahi kuwa huyo mtu. Baadae nikaja kupita kwenye kile kijiji kwa safari nyingine kabisa, saa 1 asubuhi, nikakuta kina mama wamepanga madumu kwenye shimo la mchangani mtoni, na pale barabarani kuna kituo cha kuchotea kimejengwa kwa zege zuri tu ila koki imeng'olewa na mbuzi wamelala juu yake maana zege linapata jua mapema. 14 kati ya 14 hiyo.

Kwahiyo haya ninayoandika ni jinsi ninavyokagua data siku hizi kabla sijamshauri mtu apeleke hela wapi. Nimetumia maji vijijini hapa Tanzania kwa sababu ndo nayajua, ila ukiwa unafanya kazi na pembejeo, mikopo ya vikundi au kaya za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, njia ni ileile, unabadilisha tu kisima unaweka mbolea.

1. Andika uamuzi kwanza, data baadae

Watu wengi wanaanza na "tukague data zetu", data zote, fomu yenye maswali 80. Mtachoka, mtamaliza mafuta ya gari na mtaishia kwenye ripoti ya kurasa 60 ambayo hakuna anayeisoma. Chukua karatasi uandike sentensi moja: nani anaamua nini, lini, kwa kutumia namba ipi. Mfano: "Meneja wa maji wilaya anatakiwa aamue kabla ya mwezi wa 2 kama fedha ziende kuchimba visima vipya 3 au kukarabati vituo vilivyoharibika." Ukishaandika hivo unaona kabisa namba zinazobeba uamuzi ni tatu tu: vituo vingapi vinatoa maji, watu wangapi wanavitegemea, na vile vibovu vimeharibika nini. Hizo ndo unakagua. Rangi ya tenki na jina la aliyezindua utaviacha, hata kama vipo kwenye fomu.

Na kama bosi ameshaamua tayari na anatafuta namba za kumtetea, ujue mapema, usipoteze nguvu zako bure.

2. Ifuate namba kinyumenyume mpaka ilikozaliwa

Namba ya kwenye ripoti ina safari. Unaikuta mkoani, unaulizia ilitoka wapi, wanakwambia wilayani, wilayani wanakwambia ililetwa na CBWSO, yaani ile jumuiya ya maji, ukifika kwenye jumuiya katibu anakwambia ngoja, anaingia ndani anatoka na kaunta buku lililofungwa kwenye mfuko wa rambo. Hapo ndo ilikozaliwa. Chora hiyo njia kwenye karatasi kwa mishale na kwenye kila hatua ya hiyo njia andika: nani anaandika, kwenye fomu gani, kila baada ya muda gani, na anabaki na nakala au hapana.

Hili la nakala usilipuuze. Nimekuta sehemu fomu inajazwa kijijini, mtu wa boda anaipeleka wilayani na kijijini hakibaki chochote, sasa robo mwaka inayofuata katibu anajazaje? Anapiga simu wilayani kuuliza mwezi ule tuliandika ngapi. Wilaya inajisomea namba yake yenyewe imezunguka kijijini na kurudi, alafu kwenye ripoti wanaandika "hali haijabadilika".

Angalia pia mabadiliko ya taasisi. RUWASA, yaani wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, imeanzishwa na Sheria Na. 5 ya mwaka 2019, kabla ya hapo maji vijijini yalikuwa chini ya halmashauri. Orodha za zamani zilirithiwa, nyingine zilikuwa kwenye laptop ya mtu ambaye kahamishwa. Ukiona namba imeruka ghafla kati ya 2019 na 2020 usikimbilie kusema visima vimeongezeka, inawezekana kilichoongezeka ni orodha.

3. Ulizeni neno lina maana gani

Hapa pana utajiri na wakaguzi wengi wanapapita haraka. "Kinafanya kazi" ni nini? Kuna anayeandika ndiyo kwa sababu pampu ipo. Kuna anayeandika ndiyo kwa sababu siku aliyoenda maji yalitoka, hata kama ilikuwa masika ambapo hata mtaro wa barabarani unatoa maji. Kuna anayeandika hapana kwa sababu maji yana chumvi hakuna anayekunywa. Wote watatu wamesema ukweli, ukiwajumlisha unapata namba ambayo haina maana yoyote.

Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilitupa kipimo kizuri tu: kituo kimoja watu 250, umbali usiozidi mita 400, na lita 25 kwa mtu kwa siku. Shida ni jinsi watu walivyokitumia. Ile 250 ilikuwa kiwango cha kupangia, ikageuka kuwa hesabu ya watu. Mtu anachukua vituo 10 anazidisha kwa 250 anapata watu 2,500 wanaopata maji safi, wakati kijiji chenyewe kina watu 2,100, kwahiyo asilimia 119 ya wanakijiji wanapata maji. Nimeiona hii kwenye ripoti rasmi ikiwa na muhuri. Mwenzangu mmoja alikuwa na dawa yake, popote palipozidi 100 anaandika 100, na tatizo linapotea machoni ila lipo palepale, maana vile vituo 10 vinaweza kuwa vyote vimejazana kitongoji kimoja karibu na shule na vitongoji vingine vitatu havina hata kimoja.

Kwahiyo kabla hujatoka ofisini andikeni maana moja ya kila neno, ya mistari miwili, kila anayeenda fildi awe nayo mfukoni.

4. Kaa na Eksel kabla ya kukodi boda

Siku moja ya kukaa mezani inaokoa wiki nzima. Kuna seti ya rekodi 59,400 za vituo vya maji vya Tanzania, nyingi zilikusanywa 2011 na 2013, ziliwekwa wazi mtandaoni wataalamu wa data washindane kutabiri pampu gani mbovu. Ukitaka kujifunza kukagua itafute uifungue, ni shule tosha. Kwenye hali ya kituo utaona kama asilimia 54 vinafanya kazi, 38 havifanyi, na vilivyobaki vinahitaji matengenezo. Namba inapendeza. Sasa shuka chini.

Mwaka wa kujengwa: rekodi zaidi ya 20,000 zimeandikwa sifuri. Idadi ya watu wanaotumia: zaidi ya 21,000 sifuri, na nyingine zaidi ya 7,000 zimeandikwa mtu 1, yaani kisima kizima cha mtu mmoja. Sifuri hapo haimaanishi hakuna watu, inamaanisha hakuna aliyeuliza, na ukipiga wastani bila kuzitoa unapata uongo. Rekodi zaidi ya 1,800 longitudo ni sifuri, ukiziweka kwenye ramani zinaangukia baharini Ghuba ya Guinea, kusini ya Ghana huko. Kwa aliyejenga utakuta "Government", "Gover" na "Gove", utakuta "DANIDA" na "Danida", kompyuta inawahesabu kama watu tofauti. Na kuna vituo vimeandikwa vimekauka kabisa ila hali yake ni kwamba vinafanya kazi. Sisemi kumcheka aliyekusanya, kuzunguka nchi nzima na kifaa cha GPS sio mchezo. Nasema hayo yote unayaona ukiwa umekaa na chai yako, hujatumia hata shilingi ya mafuta.

Kwenye faili lako fanya hivi. Panga kila safu kuanzia ndogo kwenda kubwa uangalie juu na chini kabisa, vituko vinakaa pembeni. Tafuta rekodi zinazofanana kila kitu isipokuwa jina. Angalia kama namba nyingi zinaishia na 0 au 5, watu wakikadiria ndo wanavyoandika, wakihesabu kweli utapata 43, 58, 71. Weka GPS kwenye ramani. Dodoma mjini ni kama -6.17 na 35.74, mtu akisahau ile alama ya kutoa kisima kinahamia kusini magharibi ya Ethiopia, akigeuza mbele nyuma kinaenda baharini karibu na Tangier kule Morocco. Makosa haya mawili ukiyajua unaweza kuyarekebisha mezani, ila andika kwamba umerekebisha na uache nakala ya ilivyokuwa.

Na angalia muda. Programu za kujazia fomu kwenye simu kama KoboToolbox na ODK zinaweza kuhifadhi fomu imeanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Kuna mradi mmoja nilipewa data za vijiji vitatu, nadhifu, hazina hata tundu moja, nikafungua safu ya muda nikakuta fomu 37 zote zimejazwa usiku mmoja kati ya saa 3 na saa 5, na GPS zote zimerundikana eneo dogo kama uwanja wa mpira. Tulipozoom ilikuwa ni gesti. Kijana alilipwa posho ya siku nne, akalala, akaagiza chipsi, akajaza. Ila nilipokaa nae alinieleza kitu: alipewa nauli ya kwenda kijiji kimoja, vile viwili vingine vilikuwa kilomita 30 na zaidi na mvua imekata barabara, na aliyemtuma alisema data zinatakiwa Jumatatu. Uongo ule waliutengeneza wawili.

5. Chagua vituo kwa bahati nasibu, sio kwa ukarimu

Ukifika wilayani mwenyeji wako atakwambia "twende hapa, ni karibu na mradi wake mzuri". Mshukuru, kunywa soda yake, alafu toa orodha yako. Andika vituo vyote kwenye vipande vya karatasi uweke kwenye kofia uchomoe mbele ya watu, au tumia Eksel, vyovyote vile ila usichague kwa jicho.

Hela ikiwa ndogo kuna njia inayotumika sana kwenye afya: unachukua vituo 19 kwa bahati nasibu kwenye kila eneo. Kama wilaya inadai asilimia 80 ya vituo vyake vinafanya kazi, kwenye hivo 19 unatakiwa ukute visivyopungua 13 vizuri, ukikuta 12 kushuka chini basi ile 80 usiikubali. Haikupi asilimia kamili, inakupa jibu la "hili dai linasimama au halisimami", na kwa bajeti mara nyingi hilo linatosha.

Alafu fanya ukaguzi wa pande mbili. Upande wa kwanza unatoka kwenye orodha kwenda chini: hiki kituo kilichoandikwa kipo kweli? Upande wa pili wengi wanausahau, unatoka chini kwenda kwenye orodha: hiki kisima ninachokiona hapa, cha msikiti, cha kanisa, cha mtu binafsi anayeuza ndoo, je kipo kwenye orodha? Wa kwanza unakamata vituo hewa, wa pili unakamata waliosahaulika.

6. Fildini

Barua ya utambulisho, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, hiyo ngazi usiiruke hata kama una haraka. Usiende siku ya mnada wala kukiwa na msiba, hutapata mtu. Na fika mapema, saa 12 asubuhi uwe kwenye kituo, maana saa 4 ukifika umechelewa, wachotaji wameshaondoka na utabaki unaongea na mwenyekiti.

Soma ardhi kabla ya kuuliza. Kituo kinachotumika kina tope, kina njia za miguu zimechimbika, kina povu la sabuni na mkono wa pampu umeng'aa kwa kushikwa. Ambacho hakitumiki nyasi zimetoka kwenye nyufa za zege.

Pima na ndoo. Ndoo ya lita 20, saa ya simu, basi. Ikijaa kwa dakika 2 ni lita 10 kwa dakika. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250 kwa siku, kwahiyo hiyo pampu inatakiwa isukumwe dakika 625, zaidi ya masaa 10 bila mtu kupumzika hata kidogo. Kwenye fomu kituo hicho ni "kinafanya kazi, kinahudumia watu 250". Kwa foleni iliyoko pale unaelewa kwanini nusu yao wanaenda mtoni.

Maswali nayo yana namna yake. Usiulize "kisima kinafanya kazi?", utajibiwa ndiyo kwa heshima. Uliza ya jana. Kuna bibi nilimkuta kajitwika ndoo, mtendaji yupo pembeni yangu anatabasamu.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba baba."
"Bibi, jana maji ulichota wapi?"
"Jana? Kwa mwalimu, kule."
"Na juzi?"
"Kwa mwalimu."
"Na hapa huwa unachota lini?"
Akamwangalia mtendaji kwanza. "Hapa wakija wageni."

Kumbe jenereta ya mradi inawekewa dizeli siku ya ugeni. Nilijifunza kumwomba mtendaji kwa adabu anisubiri ofisini nikishamaliza kusaini kitabu cha wageni.

Na kama umeenda masika, rudi kiangazi. Kwa mikoa ya kati kama Dodoma na Singida mwezi wa 9 na wa 10 ndo mtihani wenyewe, kituo kikitoa maji hapo andika kwa kalamu ya wino.

7. Linganisha, na uandike sababu

Hesabu ni rahisi: ulichohesabu wewe gawa kwa kilichoripotiwa, zidisha kwa 100. Ripoti inasema vituo 112, wewe umekuta 81, hiyo ni asilimia 72. Wengi wanakubali kati ya 90 na 110, nje ya hapo unachimba. Ila angalia mtego: ripoti inasema 40, wewe umekuta 40, kumbe 9 za kwenye orodha hazipo na umekuta nyingine 9 ambazo hazikuandikwa. Jumla imetoka 100 kamili huku karibu robo ya orodha ni mbovu. Ndo maana unalinganisha kituo kwa kituo, sio jumla kwa jumla.

Mbele ya kila tofauti weka safu ya sababu: kosa la kuandika, maana tofauti ya neno, muda umepita, au data imepikwa. Nne zinatosha. Usianze na ya nne. Kwa uzoefu wangu nyingi zinaishia kwenye mbili za kwanza, na ukimwita katibu wa jumuiya mwizi mbele ya watu hatakuonyesha tena lile kaunta buku, wewe wala atakayekuja baada yako. Ila nayo ipo, hasa pale hela zinapolipwa kwa matokeo na anayehesabu matokeo ndo huyohuyo anayelipwa. Hapo hata malaika atakadiria kwenda juu.

8. Wasomee wenyewe

Kabla hujaondoka, au kwenye mkutano mkuu wa kijiji ukibahatika ukaangukia tarehe zako, soma namba zao kwa sauti, kitongoji kwa kitongoji. Dakika 20 tu. Watakurekebisha papo hapo, "hicho cha kwa mzee kilishakufa tangu mwaka juzi", na wataanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, waache wabishane, wewe andika. Ila soma vituo, usisome majina ya watu wala nani anadaiwa mchango wa maji, na zile namba za simu za kaya usizirushe kwenye grupu la WhatsApp la mradi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo ni aibu.

9. Karatasi moja kwa anayeamua

Anayeamua hana muda. Mpe ukurasa mmoja: uamuzi ule ulioandika hatua ya 1, zile namba tatu, na mbele ya kila namba neno lako. Mimi naandika moja kati ya hizi: "itumike", "itumike kwa uangalifu", "isitumike". Na sababu mstari mmoja.

Sehemu moja karatasi yangu ilikuwa hivi. Idadi ya vituo: itumike kwa uangalifu, orodha ina vituo hewa vitano kati ya 19. Watu wanaohudumiwa: isitumike, ni 250 iliyozidishwa, tumieni idadi ya watu ya Sensa 2022 kwa kijiji. Sababu za ubovu: itumike, tumefungua pampu wenyewe na fundi. Na hiyo ya tatu ndo ilibeba kila kitu, kwa sababu kati ya pampu 8 mbovu tulizokuta 6 zilikuwa zimekufa kwa raba na fimbo za pampu, vitu vya kubadilisha kwa siku moja, na ombi lililokuwa mezani lilikuwa la kuchimba visima vipya vitatu. Walipunguza visima viwili kwenye bajeti wakanunua spea na kumlipa fundi. Kile cha tatu walichimba, kwenye kitongoji ambacho hakikuwa kwenye orodha kabisa.

Faili la mwanzo kabisa, lile lenye makosa yote, lihifadhi na tarehe kwenye jina lake, usiandike juu yake. Mwezi wa 10 ukirudi utalihitaji.